Yagi, Uda na Uani kwa Mama Mwenye Nyumba

Geto ninalokaa, huku Changanyikeni, lina sheria tatu ambazo kila mpangaji husomewa kabla hajalipa kodi ya miezi sita. Hakuna kutoboa bati. Hakuna kusimamisha nguzo yoyote. Hakuna waya unaovuka uani zaidi ya kamba za nguo. Mama mwenye nyumba ana sababu zake: mpangaji mmoja wa zamani alipanda juu kufunga antena ya televisheni, akatoboa bati, na mvua za masika zikaingia mpaka kwenye godoro la mtu mwingine. Tangu hapo akisikia neno antena anakunja uso.

Sasa mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, uhandisi wa mawasiliano, na mradi wangu wa mwisho ulikuwa wa antena. Ndio hivyo.

Tulikuwa wawili kwenye mradi huo, mimi na mwenzangu ambaye sitamtaja jina kwa sababu nitakazozieleza mbele. Tulitaka kupokea picha zinazotumwa na Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Siku ambazo hutangazwa, kituo kile hurusha picha kwa njia ya sauti kwenye megahezi 145.8, mlio kama wa mashine ya faksi, na programu ya bure kwenye simu inaugeuza kuwa picha. Kusikiliza tu, jamani, sio kurusha; kurusha kwenye masafa yale kunataka leseni ya TCRA. Kituo kinapita juu yetu kwenye kimo cha kama kilomita 400, kinakatiza anga kwa dakika kama 10 hivi, na picha moja inachukua dakika 2. Ukipoteza sekunde 20 umepata picha yenye mistari ya takataka katikati.

Antena fupi iliyokuja na kipokezi chetu cha USB ilitupa takataka tupu. Tukaanza kutafuta nyingine. Waya mrefu ungeweza kujificha kwenye kamba za nguo bila mtu kujua, wazo ambalo bado nalipenda, lakini waya wa namna ile hauelekezwi unakotaka, na shati mbichi za wapangaji wanane zinauzunguka kila siku. Ndani chini ya bati ni sawa na kusikiliza redio ukiwa ndani ya sufuria. Antena ya mstatili yenye ncha zilizokunjwa ni fupi na nzuri, ila inasikia upana mkubwa zaidi na nguvu yake inapungua. Mwishowe tukarudi kwenye ile ambayo kila mtu ameiona juu ya nyumba za mtaani, iliyo kama mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa. Inaitwa Yagi. Nilikuwa nimelitaja jina hilo kwenye mitihani miwili na sikuwahi kujiuliza kama ni jina la mtu.

Ni la mtu. Hidetsugu Yagi alizaliwa Osaka, Japan, Januari 1886. Mwaka 1909 alimaliza uhandisi wa umeme kwenye Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akaenda kufundisha Sendai, mji wa kaskazini, na mwaka 1913 serikali yake ikampeleka Ulaya kusoma zaidi. Alianzia Ujerumani, Dresden, kwa Heinrich Barkhausen, mmoja wa watu waliokuwa wanaelewa vizuri wakati ule namna ya kuzalisha mawimbi ya redio yasiyokatika. Hapo ndipo bahati ya ajabu ilipomkuta. Vita kuu ilipolipuka mwaka 1914, Yagi alikuwa Uswisi mapumzikoni. Japan ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani, na yeye hakuweza kurudi Dresden. Badala ya kurudi nyumbani, akaenda London kwa John Ambrose Fleming, yule aliyetengeneza vali ya kwanza ya redio, kisha akavuka bahari hadi Harvard kwa George Washington Pierce. Yaani ndani ya miaka mitatu alikaa kwenye maabara za mabingwa watatu wa nchi tatu, na mbili kati ya nchi hizo zilikuwa zinauana. Mwaka 1916 alirudi Japan.

Alirudi Sendai, na chuo kikuu cha huko, Tohoku, kilipofungua kitivo cha uhandisi mwaka 1919, yeye akawa mmoja wa maprofesa wake wa mwanzo. Wenzake duniani walikuwa wanakimbilia mawimbi marefu, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanavuka bahari na kuleta pesa. Yagi akaelekea upande wa pili, kwenye mawimbi mafupi sana, ya mita chache tu au chini ya hapo. Kuanzia mwaka 1924 mfuko wa familia moja tajiri, akina Saito, ulimlipia gharama za utafiti. Nilipolisoma hilo nikacheka kidogo, maana na sisi tulichanga za kwetu kabla bumu halijatoka.

Kwenye maabara yake alikuwepo kijana anaitwa Shintaro Uda. Alizaliwa mwaka 1896, kwa hiyo alikuwa mdogo kwa profesa kwa miaka kumi, na alikuwa amemaliza shahada papo hapo Tohoku. Uda ndiye aliyekuwa anasimama nje na fimbo za chuma. Anaweka fimbo moja yenye umeme, anaweka nyingine isiyounganishwa na kitu, anapima. Anairefusha, anapima. Anaifupisha, anaisogeza kidogo, anapima tena.

Alichokipata ni hiki, na naomba mtu wa sheria au wa lugha asiruke aya hii, sio ngumu. Fimbo moja yenye urefu wa nusu ya wimbi hutupa mawimbi pande nyingi kama taa isiyo na kifuniko. Ukiweka nyuma yake fimbo nyingine ndefu kidogo, isiyo na waya wowote, ile ya nyuma hupokea wimbi, umeme hutembea ndani yake, nayo hulirusha upya kwa kuchelewa kiasi. Upande wa nyuma mawimbi mawili yanafutana, upande wa mbele yanajumlishana. Ukiweka mbele fimbo fupi kidogo, inafanya kinyume: inalivuta wimbi liende mbele. Ongeza fimbo fupi nyingine, na nyingine, na mwale unazidi kuwa mwembamba. Hakuna mota, hakuna kioo kikubwa, hakuna umeme wa ziada. Fimbo zilizokufa ndizo zinazofanya kazi. Mimi bado naona ni kama mazingaombwe, na nimeshafanya hesabu zake zote.

Uda aliandika mfululizo wa makala 11 kuhusu kazi hiyo kuanzia mwaka 1926, kwa Kijapani, kwenye jarida la wahandisi wa umeme wa Japan. Mwaka huohuo yeye na Yagi walitoa pia ripoti fupi ya pamoja kwa Kiingereza kupitia Akademia ya Kifalme ya nchi yao. Ila ombi la hati miliki lililopelekwa mwishoni mwa mwaka 1925 lilikuwa na jina la Yagi peke yake. Na mwaka 1928 Yagi alikwenda Marekani, akazunguka akitoa mada kuhusu mawimbi mafupi, na jarida la taasisi ya wahandisi wa redio la kule likaichapisha kwa Kiingereza, kwa jina lake peke yake. Bingwa mmoja wa ofisi ya viwango ya Marekani aliyemsikiliza alitabiri kwamba makala ile itakuja kuwa ya kukumbukwa. Ikawa hivyo. Ndani ya makala Yagi alimtaja Uda na kazi yake waziwazi, mtu asije akasema hakumtaja. Lakini nani anakumbuka majina ya ndani? Dunia ilisoma jina lililo juu, ikaiita Yagi, na mpaka leo fundi wa Kariakoo ukimwambia Uda atadhani unataka basi.

Niliposoma hapo nikaweka simu chini.

Sababu ni kwamba wiki hiyo nilikuwa nimeandika muhtasari wa mradi wetu kwa ajili ya maonyesho ya wanafunzi. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mwasilishaji mmoja, nikajaza la kwangu. Sikuona tatizo. Kiingereza changu ni kizuri kuliko cha mwenzangu, mimi ndiye niliyekuwa nimeandika ripoti nzima, na mimi ndiye ningesimama kujibu maswali. Yeye alikuwa amepima. Alikuwa amesimama uani jioni baada ya jioni, anakata, anapima, anaandika kwenye daftari lake la kurasa 96, wakati mimi nipo ndani nalainisha sentensi. Mwishoni mwa muhtasari nilimshukuru kwa jina. Niliona ni uungwana wa kutosha.

Sasa nirudi Japan, maana maisha ya mzee yule hayakuishia kwenye fimbo.

Kwao antena ile haikutiliwa maanani. Ilitumika hapa na pale. Uda mwenyewe alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwamba inaweza kuunganisha simu za redio kati ya mji wa Sakata na kisiwa cha Tobishima, kama kilomita 40 baharini. Lakini jeshi la Japan halikuiona kama silaha. Wazungu waliiona. Hati miliki ya Marekani ikaishia mikononi mwa kampuni ya RCA, na Waingereza wakaanza kuifunga kwenye rada.

Februari 1942 Wajapani waliiteka Singapore. Kwenye vitu vilivyoachwa walikuta daftari la fundi mmoja wa rada wa Kiingereza, na ndani yake neno moja linajirudia ambalo wakaguzi wao hawakulielewa, wala hawakujua litamkwe vipi. Wakamtafuta mwenye daftari kati ya mateka, wakamuuliza Yagi ni kitu gani. Yule mfungwa akashangaa kuliko wao. Akawaeleza kwamba ni jina la profesa wa Kijapani, mwenzao. Nimejaribu kuiwaza sura ya ofisa aliyekuwa anauliza, nimeshindwa.

Baada ya hapo serikali ilimkumbuka. Mwaka 1942 Yagi aliwekwa kuwa mkuu wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, na Desemba 1944 akapewa kuongoza bodi ya teknolojia ya taifa, wakati vita imeshaelemea upande wa kushindwa. Tendo lake ninaloliheshimu kuliko yote, kuliko hata antena, ni la Januari 1945. Bungeni walitaka kujua wanasayansi wanaleta nini vitani. Ilikuwa ni kipindi ambacho marubani vijana, wengi wao wanafunzi wa vyuo kama sisi, wanatumwa kujigonga na ndege zao kwenye meli. Yagi akasimama, akasema kwa maneno ya upole lakini wazi kwamba kazi ya sayansi ni kutengeneza silaha inayompiga adui bila kumuua anayeituma, na kwamba kama vijana wanalazimika kufa ili wapate shabaha, basi hiyo ni aibu ya wahandisi, na yeye anaomba radhi. Wanasema waliokuwepo walitokwa na machozi. Sio kwamba alipinga vita. Alikuwa mtumishi wa serikali iliyokuwa vitani, akatafuta silaha kama wengine. Lakini mwaka ule, mahali pale, kulisema jambo hilo mbele ya watu hakukuwa kwepesi.

Miezi saba baadaye mabomu ya atomiki yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki. Ubavuni mwa mabomu hayo kulikuwa na antena ndogo za rada za kupima kimo, ili yalipuke juu ya mji kabla ya kugusa ardhi. Zilikuwa za aina ya Yagi. Sina la kuongeza hapo.

Vita ilipoisha aliongoza Chuo Kikuu cha Osaka kwa muda mfupi mwaka 1946, kisha watawala wa Kimarekani wakamwondoa kwenye utumishi wa umma kama walivyowaondoa wengine waliokuwa na vyeo wakati wa vita. Osaka palikuwa mahali pake pa zamani. Miaka ya 1930 ndiye aliyejenga idara ya fizikia pale, na kati ya vijana aliowachukua alikuwemo Hideki Yukawa, mtaratibu, mtu wa kuwaza sana bila kuandika. Inasimuliwa kwamba Yagi alimfokea kwa kutotoa makala. Mwishoni mwa 1934 Yukawa akakamilisha nadharia ya mesoni, na mwaka 1949 akawa Mjapani wa kwanza kupata Nobeli. Kwa hiyo msimamizi wako akikufokea, huenda kuna kitu. Huenda pia hakuna.

Mwaka 1952 ilianzishwa kampuni ya antena yenye jina lake, yeye akiwa mkuu wake wa kwanza, na televisheni ilipoingia Japan mwaka uliofuata, mapaa yakaanza kuota mifupa ya samaki. Mwaka 1953 alichaguliwa kuingia baraza la juu la bunge. Mwaka 1956 alipewa Nishani ya Utamaduni. Uda, kwa upande wake, aliendelea kufundisha, na katikati ya miaka ya 1950 alikwenda India kufanya kazi kwenye maabara ya taifa ya fizikia, New Delhi. Yagi alifariki Januari 1976, zimebaki siku chache atimize miaka 90. Uda akamfuata Agosti mwaka huohuo. Vitabu vizuri siku hizi vinaandika Yagi-Uda, na bango la kumbukumbu lililowekwa Tohoku mwaka 1995 linawataja wote wawili.

Kuhusu antena yetu. Tuliitengeneza kwa tepu ya kupimia, ile ya chuma ya fundi seremala, tuliyoikata vipande. Mhimili ni bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme. Fimbo ya nyuma ina sentimita 105, za katikati ni vipande viwili vya sentimita 45 kila kimoja vyenye nafasi kati yao, ya mbele ina sentimita 89. Kutoka ya nyuma hadi ya kati ni sentimita 20, kutoka hapo hadi ya mbele ni 32. Lazima ukwangue rangi ya tepu vizuri kabla ya kuchomea risasi, la sivyo waya haushiki. Tulilijua hilo baada ya kuharibu jioni mbili. Kwenye fimbo ya kati unaweka kipande cha waya kilichopinda kama kibanio cha nywele ili antena ipatane na kebo. Na uzuri wa tepu ni kwamba inakunjika. Unaipitisha mlangoni fimbo zimelala, ukifika nje zinajinyoosha zenyewe, pa! Ukimaliza, inakaa nyuma ya mlango pamoja na fagio. Bati halijatobolewa, nguzo haipo, waya hauvuki.

Jioni ya kwanza tuliyotoka nayo, mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, halafu akayainua.

Akauliza ni nini hicho. Nikamwambia ni antena, mama, lakini ya mkononi, inaisha dakika kumi. Akauliza itabaki uani? Nikamwambia haibaki. Akairudia kuitazama, akasema inafanana na kitu cha kuanikia samaki, akaendelea na mchele wake.

Mwenzangu ndiye aliyeishika. Anajua kuifuatisha angani kuliko mimi, polepole, kutoka upande wa barabara ya chuo kupita juu ya mwembe hadi upande wa pili. Mimi nilishika simu. Mlio ukaingia, dhaifu kwanza, halafu ukanyooka, na picha ikaanza kujichora mstari kwa mstari kutoka juu. Robo ya chini iliharibika kituo kiliposhuka nyuma ya nyumba ya jirani. Robo tatu zilikuwa safi kabisa.

Usiku ule niliwaandikia waandaaji wa maonyesho nikiomba kubadilisha fomu. Wakajibu kwamba fomu inaruhusu jina moja tu, na muda wa mabadiliko umeshapita. Nikamwonyesha mwenzangu ujumbe huo na muhtasari wenyewe, ambao mpaka siku hiyo hakuwa ameuona. Aliusoma mpaka mwisho, pale kwenye shukrani akasimama kidogo, akanirudishia simu. Akaniuliza kama fomu inaruhusu kufuta jina na kuandika jingine.

Nikamwambia sijui, nitauliza kesho. Nimeuliza. Wamesema nisubiri.